Sardini Nyuma ya Mlango, na Mambo Mengine ya Kontra

Juzi nilikuwa gatini, nikaona vijana wanapanda baleinière, ule mtumbwi mrefu wa mashine, kwenda kontra, kazi ya mkataba, huko mto unakoteremkia. Mmoja wao alikuwa anavuta sanduku lenye magurudumu. Magurudumu, wanangu. Nilimtazama akilivuta juu ya ule ubao wa kupandia, ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili, nikasema moyoni: huyu amejiandaa. Huko anakokwenda barabara ni laini kama kioo, na asubuhi ataletewa kahawa kitandani. Sanduku liliingia mtoni kabla yake. Yeye walimshika kwa kola ya shati. Nguo zake, bila shaka, zilifika Isangi mbele ya abiria wote.

Bon. Nikarudi nyumbani nikachukua kalamu, maana naona nyinyi mnafundishwa kila kitu isipokuwa namna ya kuishi mahali ambapo kazi iko na nyumba yenu haiko.

Mimi nilikuwa fundi wa mapaa. Nimeezeka shule, makanisa, maghala, na nyumba ya mkubwa mmoja aliyetaka paa lenye pembe nyingi kuliko marafiki aliokuwa nao. Hakuna territoire, yaani wilaya, ya mkoa wetu wa Tshopo ambayo mvua yake haijagonga bati nililolipigilia mimi. Nikisema hakuna, mpunguze kidogo. Mke wangu anadai nikiona mbuzi mmoja njiani, nikifika nyumbani anakuwa soko la mifugo. Kuandika vizuri nilijifunza shule ya jioni, nikiwa na masharubu tayari, nikikaa dawati moja na polisi aliyekuwa akiiga majibu yangu kwa jina la sheria. Diploma nimeitundika mahali ambapo mgeni hawezi kunywa maji bila kuiona.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Papa Anselme, marehemu sasa, mtu mfupi aliyetembea juu ya boriti kama nyinyi mnavyotembea juu ya lami, na aliyesema maneno machache kama vile kila neno alilinunua. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Kama kontra haisemi nani atakurudisha, ile iko safari ya kuenda tu."

Mliweke hilo kichwani. Maana patron, mwenye kazi, atakuambia, kabla hujaweka sahihi, kwamba huko kila kitu kiko. Nyumba ya kulala iko? Iko. Nilipofika niliikuta kweli, na mbuzi walikuwa wameshaipanga kabla yangu. Chakula kiko? Kiko, bado kiko ardhini, kinaitwa muhogo, kitakomaa ukisubiri. Mbao ziko? Ziko, zimesimama msituni na majani yake. Patron hasemi uongo hata kidogo. Anasema tu kabla ya wakati. Kwa hiyo usiulize kama kitu kiko. Uliza nani atakuletea, anaitwa nani, na je, yeye mwenyewe anajua.

Vyombo vya kazi vigawe katika mifuko miwili, mmoja ubebe wewe na mwingine abebe mwenzako, ili mto ukiamua kuchukua, uchukue nusu. Msumeno upake mawese kabla ya safari. Kutu ya mtoni haina subira. Chukua turubai, kamba, chumvi, sabuni. Shati jeupe liache nyumbani, hakuna atakayekupiga picha. Na unapoaga, usimwage mke peke yake. Mwage pia jirani mwenye mdomo. Mke anaweza kukasirika akanyamaza, lakini jirani mwenye mdomo hajawahi kunyamaza, na siku ukiugua huko mbali, mtaa mzima utajua kabla hujaanza kutetemeka.

Najua, mtasema: Tonton, siku hizi tuko na simu. Nimewaona na simu zenu. Mnapanda juu ya kichuguu, mkono mmoja hewani, foleni nzima ya wafanyakazi, kama watu wanaomchagua Mungu kwa kura. Sisi tulikuwa na phonie, ile redio ya misheni. Unakaa mbele ya mashine, unapiga kelele, unasema "à vous", yaani zamu yako, na mtu wa upande mwingine anajibu huku mkoa mzima unasikiliza. Mwenzetu mmoja aliulizwa na mkewe hewani kama jipu lake la makalioni limepasuka. Akajibu kwa heshima: limepasuka, à vous. Kesho yake kila kituo kutoka Opala mpaka Banalia kilimpongeza. Lakini angalau ujumbe ulifika.

Sasa nije kwenye kontra ya Yahuma, maana hiyo ndiyo iliyotaka kuninyima mke.

Msichana aliitwa Kavugho, binti wa Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza maharage na sabuni kwa jumla hapa mjini Kisangani. Nilimjua siku nilipopanda juu ya ghala la baba yake kuziba mahali palipovuja. Yeye alikuwa chini na beseni, akikinga maji yasifike kwenye maharage. Akainua uso akaniuliza, "Fundi, uko unaziba ao uko unafungua?" Kuanzia hapo ghala lile lilipata matatizo mengi ya paa, mengine yakijulikana kwangu peke yangu.

Kwao, kama kwetu, mwanaume lazima ajitambulishe. Anakuja na wazee wake, anakaa mbele ya wazee wa msichana, wanamtazama, wanamkubali au wanamfukuza kwa adabu. Mwenyewe lazima awepo. Huwezi kutuma picha. Mara ya kwanza sikufika, kwa sababu nilikuwa natoka kontra ya Bafwasende na lori letu lilizama kwenye matope mpaka kioo. Papa Kasereka alimwambia mdogo wa baba yangu, Tonton Zakaria: "Kijana yako iko sawa mvua? Tukae tunaangalia juu?" Akatoa Jumapili nyingine, akasema baada ya hiyo hakuna tena. Na haikuwa tishio tupu. Kulikuwa na karani wa ofisi fulani, jirani yao, aliyerudi nyumbani kila siku saa ya kula, kijana ambaye shati lake halikujua jasho ni nini. Kila mama wa mtaa alimsifu. Kavugho mwenyewe aliniambia, "Nenda kazi yako. Lakini ile Jumapili usipofika, mimi sina tena neno ya kubaambia."

Donc nilikwenda Yahuma nikijua kabisa ninachoweza kupoteza. Kazi ilikuwa paa la maternité, nyumba ya kujifungulia, katika kijiji kabla ya kufika Yahuma yenyewe. Kuta zilikuwa zimesimama zamani; wanawake walijifungulia chini ya turubai wakiangalia kuta zao. Tulikubaliana hivi: sisi tunaleta bati na misumari, wapasuaji wameshapasua mbao msituni, na wanakijiji watazibeba mpaka kijijini. Mbao mbichi, wanangu, nzito kama dhambi za jumla. Sisi mafundi tungezibeba wenyewe tungemaliza siku ya kiyama, alasiri. Lakini kwa mikono ya kijiji muda ulitosha, na ungebaki.

Na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa chef wa équipe, mkubwa wa kikundi. Papa Anselme alikuja kama fundi wa kawaida, alisema magoti yake yamechoka kuamuru. Mimi nikajiandaa kama jenerali. Nilinunua mchele, nyanya za kopo, jiko la mafuta, na sardini za mkebe za kulisha jeshi. Nilitangaza kwamba équipe yangu haitasumbua mtu. Hatutaomba hata maji ya moto. Huo ndio ustaarabu wa Kisangani, nikasema, na nilijisikia nikisema.

Tulifika mchana. Aliyetupokea alikuwa Mama Botuli, mkunga wa kijiji, mwanamke mwenye mikono mipana na macho yanayopima. Tuliongea mchanganyiko wa Lingala na Kiswahili. Nawaandikia kwa Kiswahili chetu. Alituonyesha nyumba, akasema, "Mupumuzike. Tunakuya."

Hatukungoja. Njaa ya safari haina masikio. Papa Anselme alitoka kwenda kusalimia watu, sisi tukawasha jiko. Harufu ya sardini ikatoka, watoto wakakusanyika mlangoni, watoto wengi, nadhani na wa vijiji jirani. Mikebe isingewatosha. Nikaona aibu kula mbele yao, kwa hiyo nikafanya kitu cha mtu mstaarabu: nikafunga mlango. Tulikuwa katikati ya sahani wanawake walipobisha hodi. Walikuja na lituma ya moto, zile ndizi za kutwangwa, samaki wa moshi, na pondu, yaani kisamvu. Mimi, kinywa kimejaa, nikawaambia kupitia ubao wa mlango: "Merci bamama, tumeshakula."

Nikasikia nyayo zao zikiondoka. Nilidhani wamevutiwa na adabu yetu.

Asubuhi tulifukia mikebe mitupu nyuma ya nyumba, kwa usafi, tukakaa kungoja mbao. Hakuna ubao uliokuja. Hakuna mtu aliyekuja. Nikatembea kijijini, watu wakanisalimia vizuri sana, kwa mbali, na kila niliyemuuliza alikuwa na mguu unaouma. Kijiji kizima kiliugua mguu. Kesho yake vilevile. Nilijaribu phonie ya misheni nimwambie Tonton Zakaria aombe siku nyingine, ingawa nilijua haipo. Betri ilikuwa imekufa. Siku zilikuwa zinakwenda, Jumapili ile ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote miwili, nami nilikuwa nimekaa juu ya rundo la bati nikimwona karani anapakwa mafuta ya harusi.

Nikamwendea Mama Botuli. Nilimkuta anachambua dawa za majani.

"Mama, batu biko wapi? Mbao iko pori. Siku yangu iko inaisha."

"Batu biko."

"Basi juu ya nini habakuye?"

"Banaogopa."

"Banaogopa nini? Ubao?"

Aliendelea kuchambua. "Huku kwetu, mutu akifunga mulango akakula, tunajiuliza iko anakula nini. Ao nani."

"Sardini, mama. Sardini ya mukebe."

"Njo vile unasema weye. Mukebe nani aliuona?"

"Iko nyuma ya nyumba, tuliifukia."

Sasa akaacha majani akanitazama. "Na watoto balibaona. Asubuhi mapema munazika kitu. Tulileta chakula, mukakataa, sababu mulishiba. Halafu munazika. Mwanangu, mimi ninataka ile paa kuliko weye. Niko na mwanamuke pale, tumbo iko hapa." Akaonyesha kwa mikono yote miwili. "Lakini nitabaambia batu nini?"

Diploma ilikuwa Kisangani, ukutani.

Nilimkuta Papa Anselme amekaa uani kwa majirani, anang'oa mifupa ya samaki kwa utulivu. Yeye tangu tulipofika hakula mkebe hata mmoja. Alikuwa amenenepa.

"Papa, ulijua?"

"Nilijua."

"Na haukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea." Alilamba kidole. "Weye ulikuwa chef, unaongea ustaarabu. Nilingoja umalize."

"Sasa nifanye nini? Nibalipe? Nifukue ile mikebe? Nibape ile ilibakia?"

"Banaogopa weye, habaogope mukebe. Beba sahani. Tupu. Ingia nyumba kwa nyumba, uombe."

"Mimi? Chef wa équipe?"

"Chef haiko na tumbo?"

Hivyo ndivyo fundi mkuu kutoka mjini, mwenye kofia ya kazi na rula mfukoni, alivyotembea kijijini mchana kweupe akiomba chakula. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja asiye na meno ya mbele. Alitazama sahani, akanitazama mimi.

"Sardini iliisha?"

"Iliisha, koko."

"Pole." Akageuka akaita nyumba jirani, kwa sauti iliyofika Kinshasa: "Mukuye muone, iko na njaa kama batu."

Wakaja. Nilikalishwa katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu aliweza kuona taya zangu zikifanya kazi. Wakaleta lituma. Nikala. Nyumba ya pili ikasema kama amekula kwa yule, atakataa kwetu? Nikala. Konokono, mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, samaki wa moshi, pondu yenye pilipili ya kumtoa mtu roho na kumrudishia. Kila sahani ilikuwa na shahidi wake, na kila shahidi alitaka kuona chini ya sahani. Mzee mmoja alisogea akachungulia mdomoni mwangu, kama daktari, akatangaza, "Anameza." Nilikula mpaka mkanda wangu ukaomba likizo. Nilikula mpaka nikasahau jina la kijiji. Wenzangu wa équipe nao waliletwa mmoja mmoja, wakakalishwa, wakajazwa. Mama Botuli alikaa kando, mikono magotini, hacheki, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Asubuhi iliyofuata mbao zilitoka msituni zenyewe. Naapa ndivyo ilivyoonekana: ubao mrefu unatembea njiani, chini yake miguu ya watu, nyuma yake ubao mwingine, kama siafu waliohama na nyumba yao. Miguu yote ya kijiji ilikuwa imepona. Yule bibi asiye na meno alibeba mfuko wa misumari, akanipitia akisema, "Chef, leo utakula wapi?" Nikamwambia kwako. Akaridhika.

Tulipanda juu na hatukushuka ila kula, na kula tulikula nje. Papa Anselme alitembea juu ya boriti, mimi nyuma yake, bati likilala juu ya bati. Siku tulipopigilia la mwisho mvua ilikuja, mvua ya Yahuma isiyo na salamu, na wanawake wakaingia wote ndani ya maternité wakasimama wanaangalia juu. Walisikiliza tu kelele ya maji ambayo hayakuwafikia. Yule mwenye tumbo alikuwa kati yao, kanga kavu begani. Nami nikaanza kufunga vyombo mvua ikiwa bado inanyesha.

Kutoka pale nilipanda baiskeli mpaka mtoni, na vilima vingine baiskeli ilinipanda mimi. Baleinière niliyoipata ilikuwa inapanda mto na mashine iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa kwaya. Mashine ilikufa, ikafufuka, ikafa. Abiria waliomba, wengine walitukana, mimi nilifanya yote mawili. Jumapili ilitukuta bado majini. Misa za asubuhi zilikuwa zimeisha zamani tulipogusa gati la Kisangani. Shati langu safi, lile jeupe nililoliacha kwa busara yangu yote, lilikuwa nyumbani Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilitazama ng'ambo, nikatazama jua, nikaita toleka, baiskeli ya kukodi.

"Papa, unatoka kuzimu?" akauliza mwenye baiskeli.

"Natoka kontra. Kanyaga."

Nyumba ya Papa Kasereka ilikuwa imejaa. Wazee wao upande huu, wetu upande ule, soda zimekwisha mapovu. Tonton Zakaria alikuwa amesimama katikati akiwashikilia watu kwa maneno tangu baada ya misa. Kwa maneno yake, kwanza nilikuwa nimekwenda Yangambi mara moja, kisha nikawa njiani, na nilipofika mlangoni nilikuwa mgonjwa.

"Homa kali," alikuwa anasema. "Sasa hivi hawezi hata kusimama."

Nikasimama mlangoni.

Tonton alinitazama, akakaa chini, akanywa soda ya mtu mwingine.

Tope la njia nzima lilikuwa juu yangu. Shangazi wa Kavugho, Tante Georgine, alizunguka akanikagua nyuma na mbele. "Njo huyu mwenyewe? Iko nusu mutu, nusu njia." Hakuna aliyenionyesha mahali pa kukaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa, ya shule ya jioni, yenye maneno marefu kama boriti. Yote yalianguka mtoni mahali fulani.

Papa Kasereka aliweka soda yake chini. Kisha akauliza, "Kijana, nikikupatia mutoto yangu, kesho utaenda tena?"

Tonton Zakaria alinifanyia ishara zote alizojua: hapana, sema hapana, sema utafungua atelier, yaani karakana, hapa mjini. Niliziona zote.

"Nitaenda, papa. Kazi yangu iko ya kuenda."

Tante Georgine akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeua mbu. Papa Kasereka akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa kati ya mashangazi na kitenge chake kipya. "Umesikia na masikio yako. Karani iko hapa kila siku. Saa ya kukula, iko. Saa ya mvua, iko. Unasema nini?"

Kavugho hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake.

"Papa, huyu anaendaka, njo maana iko na siku ya kurudia. Ule karani wa bureau haendake mahali. Nitamungojea siku gani?"

Mashangazi waliingiza nyuso ndani ya vitenge, mabega yakaanza kutikisika. Papa Kasereka hakucheka. Alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha akawaambia walio karibu na ukuta:

"Mumupatie kiti, akae kabla haijaenda tena."